Nintendo iingie kwenye VR, au ibaki sebuleni? Tulinganishe

Pedi Mbili (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Kuna swali limenikaa kichwani, na sasa hata wanangu wananiuliza. Sony wana miwani ya VR, ile unayovaa usoni ukajiona uko ndani ya gemu, na Meta wanayo. Kwa nini Nintendo, kampuni ambayo mtoto na bibi yake wanacheza pamoja, isiingie moja kwa moja kwenye uhalisia pepe?

Njia ninazoziona ni tatu. Watengeneze miwani kamili ya kufunga kichwani, yenye vitambuzi na rimoti zake. Au wafanye kama Labo ya 2019: kadibodi unayoikunja mwenyewe, unachomeka Switch, konsoli yao (mashine ya gemu) yenye skrini, ndani yake, unaishika usoni kwa mikono miwili. Au waachane na miwani kabisa, walete gemu ndani ya chumba chenyewe kama Mario Kart Live ya 2020. Pale kigari chenye kamera kinakimbia sakafuni, wewe unakiendesha ukitazama skrini, na mguu wa meza unakuwa kona ya barabara.

Naegemea ile ya pili, kwa sharti moja: anachokiona aliyeshika miwani kionekane pia kwenye runinga. Mnaikumbuka Wii ya 2006. Picha zake zilikuwa nyuma ya zile za washindani, PS3 na Xbox 360, lakini ziliuzwa konsoli zaidi ya milioni 100. Mama yangu alikuwa hajawahi kugusa pedi. Alikaa kwenye kochi akimtazama mdogo wangu akibingirisha tufe la kuangusha pini, raundi mbili tatu, kisha akanyoosha mkono: "Hebu nipe na mimi." Hakuna aliyemwelekeza, alishaelewa kwa kutazama. Miwani inaficha kitu hichohicho.

Mzee wa Katriji

Mkuu, walishaingia. Mwaka 1995 walitoa Virtual Boy, kazi ya Gunpei Yokoi, baba wa Game Boy, konsoli yao ya mkononi. Picha ilikuwa nyekundu juu ya weusi, basi, kwa kuwa taa ndogo za LED nyekundu ndizo zilizokuwa nafuu na zisizokula betri. Mashine inasimama mezani kwa miguu miwili, unainama na kuzamisha uso. Gemu zilizotoka ni 22, mashine zilizouzwa ni kama 770,000, na haikumaliza mwaka sokoni Japani.

Wengi husema iliuawa na ile rangi. Mimi nimeicheza kwa rafiki, na naona iliuawa na upweke. Nilikuwa nikicheza tenisi, naye amekaa pembeni akisubiri zamu yake, hana cha kutazama isipokuwa kisogo changu. Tundu la waya wa kuunganisha mashine mbili lipo kwenye kila Virtual Boy. Waya wenyewe haukutoka kamwe. Ukitaka kuelewa kilichoharibika, anzia kwenye tundu hilo.

Na hawajaisahau. Septemba 2025 walitangaza kuzirudisha gemu zake kwenye Switch, pamoja na kifaa cha plastiki cha kuangalizia na kingine cha kadibodi.

Mama Mapacha

Naomba mtu aseme la macho. Wangu wana miaka 6. Sony wanataka mtoto awe na miaka 12 kwa miwani yao ya PS VR2. Meta walikuwa kwenye 13, mwaka 2023 wakashusha hadi 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Nintendo wenyewe walipotoa 3DS, konsoli ya mkononi, mwaka 2011 walionya kwamba picha za 3D si za watoto wa miaka 6 kushuka chini, wakaweka hadi kufuli ya mzazi ya kuizima. Mwaka 2013 wakaleta 2DS, isiyo na 3D kabisa, kwa ajili ya watoto haohao.

Sasa kampuni ambayo wateja wake wengi ndio hao wadogo inauzaje kifaa kinachowafungia nje? Kwangu njia ya tatu ndiyo pekee. Kigari cha Mario kwenye sakafu hakimuumizi mtu, na ukiwa na paka nyumbani ujue naye ataingia kwenye mashindano.

Fundi Saketi

Mama Mapacha kaligusa, ngoja nieleze kwa nini. Mboni za mtoto ziko karibu zaidi kuliko za mtu mzima, ambaye kwa wastani zimeachana milimita 63 hivi. Miwani nyingi haisogezi lenzi karibu kiasi cha kumfaa mtoto mdogo, kwa hiyo anaangalia kupitia pembeni mwa lenzi na picha inamjia na ukungu. Halafu kuna kichefuchefu. Macho yanasema unakimbia, sikio la ndani linasema umekaa. Ubongo hauvumilii ubishi huo, na kadiri picha inavyochelewa kufuata kichwa ndivyo hali inavyozidi.

Hapo ndipo namkatalia mleta mada. Skrini ya Switch ya kwanza ni 1280 kwa 720. Ukiigawa, kila jicho linabaki na upana wa pikseli 640, na lenzi inazikuza. Walipoliongezea gemu la Zelda: Breath of the Wild hali ya Labo, gemu lenyewe linatembea fremu (picha) 30 kwa sekunde, wakati miwani ya kisasa huanzia 72 au 90. Unageuza shingo, dunia inakuja nyuma yako kidogo. Niliishika dakika kumi, mabega yakawaka moto kwa kushikilia konsoli hewani, tumbo likafuata. Zile gemu ndogo zilizotengenezwa kwa Labo tangu mwanzo, ambako umesimama pahali pamoja unafyatua au unapiga picha samaki, hazikunisumbua hata kidogo.

Na sharti lako linagonga ukuta: konsoli ikiwa ndani ya miwani, haiko kwenye doki, kile kitako kinachoiunganisha na runinga. Runinga itaonyesha nini?

Raundi Moja Tena

Ndiyo maana nasema njia ya kwanza au waache. PSVR ya 2016, miwani ya Sony, ilikuwa na kisanduku kinachopeleka picha moja kwenye miwani na nyingine tofauti kwenye runinga. Kuna gemu la The Playroom VR, lilikuwa la bure: aliyevaa miwani ni dubwana linalobomoa mji kwa kichwa, wanne wengine wana pedi, wanalikimbia kisha wanaligeukia na kulitupia vitu. Nyumba nzima inapiga kelele. Nani kasema miwani lazima iwe upweke?

Kikwazo ni bei, nakubali. PS VR2 ilitoka Februari 2023 kwa dola 549.99, juu ya konsoli ya PS5 yenyewe, iliyokuwa dola 499.99 wakati huo.

Mzee wa Katriji

Raundi, umenikumbusha kitu. Hilo wazo Nintendo walikuwa nalo mwaka 2012 kwenye gemu la Nintendo Land la konsoli ya Wii U. Aliyeshika GamePad, pedi yenye skrini yake, ndiye Mario, anaona ramani yote. Wanne wanamfukuza kwa kutazama runinga, na wanalazimika kuambiana: "Yuko kwenye njano! Zunguka huku!" Wii U iliuzwa milioni 13 na nusu tu, likazikwa nayo. Badala ya GamePad weka miwani, gemu tayari lipo.

Pedi Mbili

Fundi, nakubali nimekosea. Kuchomeka konsoli ndani kunaua sharti langu, na sharti ndilo ninalolitaka zaidi. Basi nabadilisha: konsoli ibaki kwenye doki, miwani iwe kifaa chepesi cha pembeni kinachopokea picha yake chenyewe. Ila kisiwe na mkanda, kiwe na mpini wa kushika. Kikiwa mkononi, ukianza kusikia kizunguzungu unakishusha tu, na zamu inahama bila kufungua na kufunga mikanda kwenye nywele za watu. Mchezaji hatembei, amesimama pahali pamoja kama kwenye zile gemu ndogo za Fundi.

Fundi Saketi

Kwa uzito gani? Quest 3, miwani ya Meta, ina gramu 515. Hiyo haishikiki kwa mkono mmoja. Ukitoa betri na prosesa, ukaacha skrini, lenzi na vitambuzi, hapo tunaongea. Na raundi isizidi dakika tano.

Mama Mapacha

Ikiwa ni hivyo nina swali moja. Aliyeshika miwani ni mmoja, na wanne wako kwenye runinga na pedi zao. Kwa hiyo wangu wa miaka 6 hawaigusi miwani kabisa, na bado wamo kwenye gemu? Mimi ndiye dubwana, wao wananifukuza?

Raundi Moja Tena

Ndivyo. Na wewe ndiye usiyejua wamejificha wapi.

Mama Mapacha

Wakitoa hiyo, nainunua siku ya kwanza.