Profaili ya no-multilib inanikatalia biti 32: nibadili profaili, nivunje katazo, au nihame?

Rau_Terminali (Moshi)
Wakuu, habari za leo. Nina laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, Gentoo (Linux ambayo kwa kawaida unakompaili, yaani unajenga programu mwenyewe kutoka msimbo wake) niliiweka mwenyewe mwaka jana. Wakati ule nilichagua profaili (mipangilio ya msingi ya mfumo) ya no-multilib, yaani biti 64 tupu, nikajiona mjanja: maktaba za biti 32 za nini, zinakula muda wa kukompaili bure. Sasa kuna chama cha kuweka na kukopa huku Majengo wanataka niwafungulie programu yao ya hesabu, ya Windows, ya kale, biti 32. Nikaandika kwenye package.use (faili la kuomba flagi, yaani swichi za vipengele vya kifurushi) kwamba wine-vanilla, ile Wine ya kuendesha programu za Windows kwenye Linux, iwashwe abi_x86_32, flagi ya biti 32. emerge -pv, amri ya kuonyesha mpango kabla ya kusakinisha, ikanijibu hivi:

ABI_X86="(64) (-32) (-x32)"

Nimefuta nikaandika upya mara tatu, mabano yako palepale. Kichwani nina njia tatu: kubadili profaili, kuvunja katazo kwa nguvu, au kufuta yote niweke Debian, Linux yenye vifurushi vilivyojengwa tayari. Nani ameshapita huku?

Bando_Limeisha (Sakina, Arusha)
Debian, mkuu. dpkg --add-architecture i386, halafu apt update, halafu apt install wine32. Chai haijapoa umemaliza. Mimi kukompaili niliacha siku umeme ulipokatika gcc (kikompaili chenyewe) ikiwa saa ya tano, na betri yangu ni pambo tu.

DadaKerneli (Njiro, Arusha)
Bando, kama mteja amesimama mlangoni, jibu lako linafaa kabisa. Ila kwenye Debian aliyejenga kifurushi ndiye aliyekuchagulia kila kitu, na Rau ameuliza kwa nini anakataliwa.

Rau, mabano si hitilafu. Flagi ikiwa ndani ya mabano, profaili imeshaiamua, iwe kwa kuizima au kwa kuilazimisha. Unachoandika kwenye package.use ni ombi. Kilichomo kwenye use.mask ya profaili ni katazo, na ombi haliwezi kulipiku. Ingia /var/db/repos/gentoo/profiles ujionee. Profaili ni ukoo mzima: kila folda ina faili liitwalo parent linalotaja wazazi wake, na emerge inasoma kuanzia base hadi kufikia ile uliyoichagua kwa eselect. Mtoto anaruhusiwa kutengua katazo la mzazi kwa kuweka alama ya kutoa mbele ya jina la flagi. Selinux (mfumo wa usalama) inaendeshwa hivyo: base inaikataza kwa kila mtu, profaili za selinux zinaifungua. Upande wa pili kuna use.force, hiyo inawasha utake usitake. package.use.mask inabana kifurushi kimoja tu, na use.stable.mask inahusu matoleo thabiti peke yake, kwa hiyo aliye kwenye ~amd64 (matoleo ya majaribio) hakutani nayo.

Mjukuu wa mwisho katika ukoo huo ni wewe, kwenye folda ya /etc/portage/profile. Ukiweka humo faili la use.mask lenye mstari wa -abi_x86_32, mabano yataondoka. Nilifanya hivyo, nikafurahi kama dakika kumi. Maktaba ya kwanza ya biti 32 ilipoanza kujengwa ikadai glibc (maktaba ya msingi ya C) ya biti 32, nami sina. Nikasema basi nijenge glibc hiyo, gcc ikasema haijui biti 32, maana profaili ileile imeizimia multilib (biti 64 na 32 pamoja). Nijenge gcc upya? Nayo inadai glibc ya biti 32 kwanza. Kuku na yai, usiku kucha. Lile katazo ndilo lililokuwa linanizuia nisifike hapo, ila faili haliwezi kukueleza hayo yote kwa mabano mawili.

Kwa hiyo njia ya kuvunja katazo mimi nimeiondoa kwenye orodha. Afadhali uweke upya kwa stage3 (mfumo wa kuanzia uliojengwa tayari) ya multilib.

MzeeWaKibo (Moshi)
Binti yangu DadaKerneli kasema vizuri, lakini kuweka upya si lazima. glibc ina flagi ya multilib-bootstrap, imewekwa kwa ajili ya kuhama ABI (aina ya biti za programu) kama hivi: inaleta libgcc.a na faili za crt, vipande ambavyo kikompaili kinavihitaji, vikiwa vimekwisha kujengwa, yai linapatikana bila kuku. Badilisha profaili kwanza, ujenge glibc ukiwa na flagi hiyo, kisha gcc, kisha glibc tena bila hiyo flagi. Ndipo umalizie na emerge --changed-use --deep @world, ijenge upya vyote vilivyobadilika flagi. Nakili data zako kwanza kwenye diski nyingine, tafadhali.

Na kabla hujagusa chochote, angalia flagi ya wow64. Tangu Wine 9.0 ya Januari 2024, programu za biti 32 zinaweza kuendeshwa bila maktaba za biti 32 za upande wa Linux. Utaongezewa kukompaili mingw64-toolchain (zana za kujengea programu za Windows), ambayo kwa RAM ya GB 4 si mchezo.

Bando_Limeisha (Sakina, Arusha)
Shikamoo mzee. Hiyo wow64 sikuijua.

VoidTu (Kijenge, Arusha)
Huku Void, Linux nyingine, yapo hayohayo kwa sura nyingine. Ukiwa wa glibc unaongeza void-repo-multilib, unachukua wine-32bit, kazi imekwisha. Ukiwa wa musl (mbadala wa glibc), hakuna multilib, usihangaike. Hatuna mabano ya kutuchokoza.

Rau_Terminali (Moshi)
Shukrani zote kwa mzee. Nimepima hivi: wow64 itanitatulia hii programu moja, lakini multilib ikishakaa naweza kuvuta vifurushi vilivyojengwa tayari ambavyo Gentoo walivitangaza Desemba 2023. Saa hizi flagi zangu zinatofautiana navyo, emerge inavikataa na kurudi kukompaili. Nimechagua kubadili profaili.

Rau_Terminali (Moshi)
Siku ya pili. glibc ilipita jana jioni. gcc imemaliza saa kumi na moja alfajiri, feni ikilia kama mashine ya kusaga. Sasa naona:

ABI_X86="(64) 32 (-x32)"

DadaKerneli, ile x32 bado imo kwenye mabano. Niiache?

DadaKerneli (Njiro, Arusha)
Iache hivyohivyo, kaka. x32 ni ABI nyingine, ina profaili yake.