Naomba ushauri: usiku wa jazz Village Vanguard, New York

Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao tutakuwa New York kwa shemeji yangu, na nimeazimia usiku mmoja nimtoe mke wangu twende Village Vanguard, kile kilabu cha chini ya ardhi pale Greenwich Village kilichofunguliwa mwaka 1935. John Coltrane, yule mpiga saksafoni maarufu, alirekodi mle mwaka 1961, siwezi kupita hivi hivi.

Kinachonitatiza ni adabu za mle ndani. Jazz niliyokulia mimi ni ya bendi zetu za dansi, akina Morogoro Jazz na Western Jazz: gitaa likianza kulia hakuna anayebaki kitini, na mwenye hela anakwenda kumtunza mpigaji. Huko ukumbi ni wa watu kama 120 tu, na nasikia hata ukinong'ona unatazamwa jicho baya. Makofi hupigwa mpiga saksafoni akimaliza zamu yake ya kupiga peke yake, au mpaka wimbo uishe? Jumatatu hupiga bendi kubwa. Kwa chumba kile si tutatoka viziwi? Au tutafute siku ya bendi ya watu watatu wanne?

Chakula hawauzi, kwa hiyo tutakula kwanza. Ila mke wangu hanywi pombe. Akikaa na soda moja usiku mzima, wahudumu hawatanuna?