Betty White kwenye Password: mama na mimi tunahitaji mwamuzi

Binti wa Umoja

Hamjambo wapenzi wa vipindi vya zamani. Naishi Umoja na mama yangu, ana miaka 74, na usingizi wake humwisha saa tisa usiku. Zamani aliwasha redio. Siku hizi ananigongea mlango: "Niwekee yule mama wa nywele nyeupe."

Ni Betty White huyo, mwigizaji wa Marekani. Tulimjua kupitia kichekesho cha runinga The Golden Girls, kanda za kukodi, enzi zile usipoirudisha kanda mwanzo unatozwa faini. Alipofariki tarehe 31 Desemba 2021, siku 17 kabla ya kutimiza miaka 100, mama alinyamaza kama mtu aliyepigiwa simu kutoka ushago. Sasa tunamtazama YouTube kwenye Password ya miaka ya 1960, mchezo wa runinga wa kubahatisha neno, na mimi nampenda zaidi huku. Kule aliandikiwa maneno. Hapa anajitafutia mwenyewe: neno moja tu la kumdokezea mwenzake, basi. Mama naye anapenda ile sauti inayotunong'oneza jibu sisi watazamaji. Huiigiza hata akiniambia chai imeiva.

Sasa maswali. Allen Ludden, mwendeshaji wa mchezo, ndiye aliyekuja kuwa mumewe. Nitajuaje kipindi ni cha kabla ya ndoa au cha baada?

La pili ni kesi. Stima ikipotea tunaucheza wenyewe, vikaratasi kwenye mkebe wa Kimbo. Juzi neno lilikuwa "sufuria", mama akanidokezea "tunapikia". Nikamwambia hiyo ni sentensi nzima. Akasema ni neno moja, nimwonyeshe pengo liko wapi. Mtuamulie.

Mzee wa Kaloleni

Angalia tarehe tu, binti. Password ilianza Oktoba 1961, wao wakaoana tarehe 14 Juni 1963. Kiangazi cha 1962 waliigiza pamoja jukwaani. Ludden alikuwa mgane mwenye watoto watatu, akamposa, akakataliwa, akamposa tena, karibu mwaka mzima. Betty hakutaka kuhamia New York. Inasimuliwa kuwa pete aliyokataliwa Ludden aliivaa shingoni kwenye mkufu ili Betty aione! Ludden alifariki Juni 1981, na Betty hakuolewa tena. Aliwahi kusema anaujutia ule mwaka aliomzungusha.

Kwa hiyo anza na vya 1962. Ukijua huyu bwana anayesoma kanuni kwa utulivu amekataliwa wiki hiyohiyo, kipindi kinakuwa kingine kabisa.

Mwalimu Mstaafu

Nasikitika, mama amekula njama na sarufi. "Tunapikia" ina nafsi, wakati, mzizi na kauli ya kutendea. Hayo ni madokezo manne kwa bei ya moja. Wamarekani hawana shida hiyo, kitenzi chao hakibebi mizigo. Pendekezo: nomino tu, au kitenzi kianze na "ku-". Na mzizi wa jibu usiguswe, "mpishi" haidokezi "upishi". Pointi zianze 10, kila dokezo likikosa ipungue moja, kama wao.

Lakini msiige kila kitu. Kwenye kitendawili ukishindwa unaombwa mji. Wekeni hilo, litawafaa saa tisa usiku.

Shabiki wa Vitimbi

Mimi namuwaza Mzee Ojwang wa kile kichekesho cha runinga cha Vitimbi, jina lake halisi Benson Wanjau, aliyetutoka Julai 2015. Ningelipa bando la mwezi mzima kumwona kwenye mchezo kama huu, dokezo moja tu, na lile koti lake.

Binti wa Umoja

Asanteni. Nimemsomea mama hukumu, amesema mwalimu hajawahi kucheza gizani.

Jana stima ilipotea tena. Akatoa kikaratasi, akakisoma kwa tochi ya simu, akakaa nacho. Halafu: "Burma." Nikajibu "nyama." Akatikisa kichwa. Marehemu baba aliuza nyama pale soko la Burma tangu sijazaliwa, lakini haikunijia. Dokezo la pili: "Babako."

"Mume," nikasema. Kisha nikamkumbusha kwamba hayo ni maneno mawili yaliyounganishwa. Hakunijibu. Nimemwandikia pointi tisa.