Nina miaka 44, fundi cherehani, sina mwajiri: uzeeni nitakula nini?

Fundi wa Majengo:
Wakuu, nashona soko la Majengo, Dodoma mjini. Desemba na Januari sare za shule zinaniletea hela. Ikifika Machi hata kodi ya fremu naitafuta kwa shida. Mama yuko Hombolo, ana presha, dawa nanunua mimi. Nikimwangalia najiuliza, zangu atanunua nani? Watoto sitaki waubebe mzigo huu. Na macho yameanza kukataa kutunga uzi. Nina akiba ya milioni moja na nusu. Wapo wanaosema ninunue kiwanja Nala, wapo wanaosema shamba la zabibu. Usiku silali.

Mstaafu Kikuyu:
Mwanangu, nenda NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, wanapokea waliojiajiri. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Ukianza sasa unamaliza na miaka 59. Ukifika 60 haijatimia, unapewa mkupuo tu, yaani hela ya mara moja, na mkupuo unaisha. Mwaka 2022 kikokotoo, ile hesabu ya kugawa mafao, kilipobadilika, wenzangu walimu walilia mkupuo kuwa asilimia 33 ya mafao. Walikuwa na haki ya kulia. Ila leo kinachowalisha ni kile cha kila mwezi.

Mkulima Mpunguzi:
Dada, zabibu ndiyo kazi yangu, na kwa uzee sikushauri. Kuna kupogoa, kupuliza dawa, maji. Zikiiva hazisubiri, mnunuzi anajua hilo na bei anapanga yeye. Ukiwa na miaka 70 vibarua watakumalizia faida yote. Kiwanja nacho hakikupi dawa ya presha mpaka apatikane mteja.

Neema_Dom:
Hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa miaka kadhaa, zinaanzia milioni moja, riba inaingia kila miezi sita. Lakini kwa mwenye mama mgonjwa, mimi nisingeifunga hela hiyo miaka 20. Angalia mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, unaweka kidogo kidogo na ukikwama unatoa.

Fundi wa Majengo:
Asanteni sana. Baba, Machi na Aprili nikikosa kuchangia, inahesabiwa?

Mstaafu Kikuyu:
Hapana, unahesabiwa miezi uliyolipa. Mpaka ufike 60 una nafasi ya kuruka kama miezi 12 tu. Ukiruka miwili kila mwaka hutimizi. Hela ya sare ikiingia, michango ya Machi na Aprili itoe hapo hapo kabla hujanunua vitambaa.