Naomba ushauri: paka shume hataki kushikwa, na sasa anaumwa

Asalaam aleykum jamani. Uchochoroni kwetu Malindi, Unguja, kuna paka shume wa rangi ya majivu. Ncha ya sikio lake imekatwa sawasawa, nadhani alishahasiwa, akatiwa alama hiyo, akaachiwa. Mwezi wa pili huu namwekea dagaa wa kuchemsha kila baada ya Magharibi, palepale chini ya baraza. Nakaa mbali, simkodolei macho, nafumba na kufumbua taratibu. Anakula, lakini nikinyoosha mkono tu anatoa meno na kuparamia ukuta.

Juzi kaja anachechemea, mguu wa mbele umevimba. Roho inaniuma. Nimkamateje nimpeleke kwa daktari wa mifugo bila kuipoteza hii imani kidogo aliyonipa? Nitege kwa kasha, au nisubiri anizoee? Mliowahi kufuga shume, nielekezeni.