Sera ya fedha ya Singapore na Hong Kong: mtafiti wa Kampala achukue nini?

MtafitiKampala aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu mfumuko wa bei hapa Kampala, na kwa sababu hiyo nimekuwa nikisoma tafiti za sera za uchumi kuhusu Singapore na Hong Kong, ambazo ndizo hutajwa kwanza kila panapozungumzwa uchumi wa mji unaoishi kwa biashara ya nje. Thamani ya bidhaa na huduma zinazoingia na kutoka katika kila mji kati ya hiyo miwili ni takriban mara tatu ya pato lake la mwaka mzima, na kwa Hong Kong imewahi kuzidi hapo.

Kinachonishughulisha ni hiki. Tangu mwaka 1981 Mamlaka ya Fedha ya Singapore haitumii riba kuongoza bei. Hutumia thamani ya sarafu yake. Benki Kuu ya Uganda, kwa upande wake, tangu Julai 2011 hutangaza riba elekezi, yaani riba ya Benki Kuu inayoongoza riba nyingine nchini, na kuiacha shilingi ijitafutie bei sokoni, ikiingilia kati pale tu inapoyumba kupita kiasi. Lakini ukipita Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, asubuhi, utamkuta mfanyabiashara wa jumla akiuliza kwanza dola imeamkia ngapi, ndipo akubali kutaja bei ya katoni ya betri au ya bunda la vitenge. Wapo wanaoandika bei kwa penseli ubavuni mwa katoni, ili kesho iwe rahisi kuifuta. Sijamsikia hata mmoja akiuliza riba ya Benki Kuu imefika wapi.

Sasa, ikiwa bei zinatembea na dola, kwa nini sera yetu ishike riba na isiishike shilingi yenyewe? Naomba anayeujua mfumo wa Singapore kwa undani anieleze unavyofanya kazi, na kama kuna hoja ya kitafiti ya kuupendekeza hapa kwetu.

Mwalimu_Mbarara alijibu:

Mdogo wangu, swali lako ni zuri, na linastahili jibu refu.

Singapore huchukua sarafu za nchi inazofanya nazo biashara, huziweka katika kikapu kimoja, kila moja kwa uzito ambao Mamlaka haiutangazi, kisha hupima dola yake dhidi ya kikapu hicho. Dola hiyo huruhusiwa kupanda na kushuka ndani ya ukanda, yaani kati ya kikomo cha juu na cha chini. Mamlaka ikitaka kubana, huongeza kasi ambayo ukanda wenyewe unapanda, au huuhamishia juu kwa mkupuo. Ikitaka kulegeza, hupunguza kasi hiyo au huulaza kabisa, kama ilivyofanya Aprili 2020. Kati ya Oktoba 2021 na Oktoba 2022, bei za dunia zilipofumuka, ilibana mara tano. Riba za ndani hazipangi; hufuata riba za dunia, zikipungua kidogo pale soko linapotarajia kwamba dola ya Singapore itaendelea kupanda.

Sababu ya kuchagua njia hiyo ni hesabu, wala si mapenzi. Mamlaka yenyewe hueleza kwamba katika kila dola inayotumiwa ndani ya nchi, takriban senti 40 huishia kwenye vitu vilivyotoka nje. Maji, mchele, mafuta, matofali, karibu kila kitu kina sehemu yake ya ng'ambo. Katika mahali kama hapo, kuipandisha thamani sarafu kunashusha bei dukani moja kwa moja, ilhali kupandisha riba kungevuta fedha za wageni na pengine kusiiguse bei ya mchele hata kidogo.

Lakini tafiti nyingi zinazonukuliwa huku kwetu huishia hapo, na hilo linaniuma, kwa sababu nguzo zinazoubeba mfumo huo zimo katika kurasa zinazofuata. Kwanza, serikali ya Singapore kwa miaka mingi imekuwa na ziada ya bajeti, na wafanyakazi pamoja na waajiri wao huchangia kwa lazima Mfuko Mkuu wa Akiba, kiasi kwamba fedha huondolewa katika mzunguko kila mwezi. Mamlaka huzirudisha kwa kununua fedha za kigeni, na ndivyo akiba yake inavyokua. Anayetaka kucheza na dola ya Singapore anajua kwamba upande wa pili wa meza ameketi mwenye mfuko mkubwa kuliko wake. Serikali inayokopa kwa hati fungani kila mwezi ili kuziba pengo la bajeti haiwezi kuketi mezani kwa namna hiyo.

Pili, sarafu yenye nguvu huumiza viwanda vinavyouza nje, na lazima pawe na mahali pengine pa kupunguza gharama. Mwaka 1985 Singapore iliingia katika mdororo wake wa kwanza tangu ipate uhuru, baada ya miaka kadhaa ya sera ya makusudi ya kupandisha mishahara. Hawakutegemea kuishusha sarafu. Mwaka 1986 walipunguza mchango wa mwajiri katika Mfuko wa Akiba kutoka asilimia 25 ya mshahara hadi 10, na gharama ya kuajiri ikashuka nchi nzima kwa uamuzi mmoja. Hapa Uganda, ambako sehemu kubwa ya watu hujiajiri shambani, sokoni na kwenye bodaboda, hakuna wenzo wa namna hiyo wa kuvuta. Ukiishika shilingi, na bei ya kahawa ikaanguka London, mkulima wa Masaka ataubeba mzigo wote peke yake.

Kwa hiyo swali la tasnifu lisiwe kama Uganda iige Singapore. Liwe hili: bei ya Kampala inazaliwa wapi, na kwa kiasi gani?

Wakala_wa_Forodha alijibu:

Mwalimu amesema vema, nami naongeza yale tunayoyaona sisi tunaotoa mizigo, kwa sababu Singapore na Hong Kong ni bandari, na Kampala iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mombasa. Hilo haliondolewi na mfumo wowote wa sarafu.

Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipoikata barabara na reli ya Kenya, mafuta yaliadimika Kampala na bei ikaruka. Januari 2022 madereva wa malori waligoma kuvuka Malaba na Busia kwa sababu ya agizo la kupimwa korona kwa malipo. Foleni ikarudi nyuma kilomita nyingi ndani ya Kenya, na vituo vya mafuta vya Uganda vikauza kwa bei ambazo hazijawahi kuonekana, huku dola ikiwa imetulia kabisa sokoni. Kama Benki Kuu ingekuwa na mfumo wa Singapore siku ile, ingefanya nini? Shilingi haikuwa na kosa.

Jambo la pili ni ushuru. Hong Kong hutoza bidhaa chache tu, yaani pombe kali, tumbaku, mafuta ya petroli na methanoli, na Singapore nayo inakaribia hapo. Sisi tuko ndani ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: sifuri kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 kuna ngazi ya nne ya asilimia 35 kwa bidhaa zilizoteuliwa. Chukua mzigo ambao, ukiujumlisha na nauli ya meli na bima, thamani yake ni shilingi milioni 100. Ushuru wa asilimia 25 unaifikisha milioni 125. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, inatozwa juu ya hizo 125, si juu ya 100, nayo ni milioni 22 na nusu. Tayari uko kwenye milioni 147 na nusu, bila kuhesabu tozo ndogondogo wala lori. Sasa shilingi ikishuka kiasi cha kuufanya mzigo uleule ukokotolewe kwa milioni 110, mwenye mali haongezi milioni 10 pekee. Anaongeza milioni 14 na laki saba na nusu, kwa kuwa kodi nazo zimepanda pamoja na thamani. Mtafiti anayechora mstari kutoka dola hadi bei ya dukani bila kupitia meza ya forodha ataiona shilingi ina nguvu zaidi ya ile iliyo nayo.

Na panapofanyika kazi nzuri barabarani, nayo ihesabiwe. Tulipoanza kulipia ushuru mzigo ukiwa bado Mombasa, chini ya utaratibu wa himaya moja ya forodha ulioanza mwaka 2014, safari ya wiki mbili na zaidi ilishuka hadi siku chache. Kwa mteja wangu aliyekopa benki ili anunue mali, kila siku iliyookolewa ni riba ambayo hakuilipa. Hapo ndipo riba anayoisema mwanafunzi wetu inapoingia Kikuubo, hata kama hakuna anayeitaja.

Mstaafu_Jinja alijibu:

Nimewasoma wote kwa makini. Hong Kong imepitwa haraka, na kwa historia yetu ndiyo iliyo karibu zaidi nasi.

Septemba 1983, mazungumzo ya Uingereza na China kuhusu hatima ya mji huo yalipowatia watu hofu, dola ya Hong Kong ilianguka. Tarehe 17 Oktoba mwaka huo serikali iliifunga kwa dola ya Marekani kwa 7.80, na mpaka leo haijaachia. Tangu 2005 inaruhusiwa kutembea kati ya 7.75 na 7.85 tu. Kila noti inayotolewa ina dola za Marekani nyuma yake. Utaratibu huo ni bodi ya sarafu, na Uganda iliishi chini ya bodi ya sarafu kwa takriban nusu karne. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, shilingi yake ikawa sawa kwa sawa na shilingi ya Uingereza, na ofisi yake ilikaa London hadi ilipohamia Nairobi mwaka 1960. Benki Kuu ya Uganda ilifungua milango mwaka 1966. Wazee wetu walikuwa na sarafu iliyotulia, lakini pamba ilipokosa bei, fedha zenyewe zilipungua nchini, na hapakuwa na ofisi yoyote Kampala ya kuulizwa.

Hong Kong ilionja hali hiyohiyo katika msukosuko wa Asia. Oktoba 1997 riba ya mikopo ya usiku mmoja kati ya mabenki iligusa takriban asilimia 280. Agosti 1998 serikali ililazimika kununua hisa sokoni ili kuwazima waliokuwa wakiishambulia sarafu na soko la hisa kwa pamoja. Sarafu ikaokoka. Lakini bei za vitu zikashuka kuanzia mwishoni mwa 1998 hadi 2004, nyumba zikapoteza zaidi ya asilimia 60 ya bei yake kati ya 1997 na 2003, na ukosefu wa kazi ukapita asilimia 8. Kilichokataa kuonekana kwenye sarafu kilionekana kwenye mishahara na kwenye nyumba. Mamlaka ya Fedha ya mji huo ilianzisha taasisi yake ya utafiti wa fedha mwaka 1999, katikati ya maumivu hayo, na ninaona hekima kubwa katika kutafiti jambo wakati bado linauma.

Sipendekezi turudi huko. Ninachokisema ni kwamba mwanafunzi asome kumbukumbu za Bodi yetu pamoja na makala za Hong Kong, maana huku hatuanzi na karatasi tupu.

MtafitiKampala aliandika:

Nawashukuru sana, wazee wangu. Nimeelewa kwamba swali langu la awali lilikuwa la chombo, nanyi mmelirudisha kwenye chanzo cha bei. Mwalimu, kama ningegawa bei ya Kampala katika sehemu za dunia, sarafu, barabara na forodha, kisha faida ya muuzaji, ningeanza na bidhaa zipi?

Mwalimu_Mbarara alijibu:

Anza na chache zinazotofautiana kwa asili: dizeli, sabuni ya kufulia, vitenge na matoke. Dizeli hutoka nje yote. Sabuni inatengenezwa hapa, lakini mafuta ya mawese na kemikali zake kwa sehemu kubwa zinaagizwa. Matoke hayajui dola, yanajua mvua na nauli ya lori kutoka huku kwetu magharibi, ingawa ndani ya nauli hiyo dizeli inarudi tena kwa mlango wa nyuma. Ukiona matoke na vitenge vinapanda katika mwezi mmoja, usikimbilie kuilaumu shilingi.

Mwaka 2011 usiuache. Mfumuko ulifika takriban asilimia 30, Benki Kuu ikapandisha riba hadi 23, na katika miezi hiyo ukame, kushuka kwa shilingi na mahitaji ya ndani vilikuja kwa pamoja. Ni mwaka mgumu kuutenganisha, na ndiyo sababu una thamani. Miezi ya Januari 2008 na Januari 2022 aliyoitaja ndugu yetu wa forodha iwekee alama ya pekee kwenye takwimu zako, kwa kuwa ndiyo miezi ambamo barabara ilipandisha bei bila msaada wa dola. Kwa upande wa forodha, tumia kiwango cha kubadilishia fedha ambacho mamlaka ya mapato ilikitumia kukokotoa kodi kwa mwezi husika, usichukue kile cha maduka ya kubadilishia fedha ya mjini.

Ukimaliza sura ya kwanza ya takwimu, iweke hapa tuisome.