Kuendelea kuwasiliana na ndugu aliye katika gereza la Kasapa

Yaya (dada mkubwa) wa Kolwezi anauliza:
Ndugu zangu, mdogo wangu yuko katika gereza la Kasapa, Lubumbashi, na bado hajahukumiwa. Mimi nafanya kazi Kolwezi, yapata kilomita 300 kutoka huko. Shangazi yetu wa Katuba, hukohuko Lubumbashi, humpelekea bukari (ugali) siku za kutembelea, lakini mimi hufikiwa na salamu za mdomo tu, kwamba yuko mzima na ananisalimu. Natamani kumsikia yeye mwenyewe. Nitumie njia gani iliyo halali? Tena, kuna mtu anayedai kwamba akilipwa atatuunganisha kwa simu. Je, nimwamini?

Baba Ilunga anajibu:
Pole sana, dada. Huyo wa simu mwache kabisa, kwa sababu simu ya siri ikikamatwa, atakayeadhibiwa ni mdogo wako, wala si yule aliyekula pesa.

Mwandikie barua. Shangazi aulize kwanza parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) au mahakama yenye faili lake kama kibali kinatakiwa, kisha aikabidhi bila kuifunga, maana huenda ikasomwa kabla ya kumfikia. Kwa hiyo usiiguse kesi hata kidogo: usimtaje shahidi, wala mlalamikaji, wala mliyozungumza na wakili. Andika ya nyumbani, kwamba mama amepata dawa, kwamba mtoto wake amepanda darasa, kwamba mvua zimeanza na paa la jikoni limetengenezwa. Habari ndogo kama hizo humfanya aliyefungwa ajione bado ni mtu wa ukoo, kuliko shauri refu la kumtaka avumilie. Pamoja na chakula, shangazi aombe kumwachia karatasi tupu na kalamu, kwani anayenyamaza huenda hana cha kuandikia.

Mwanasheria wa Lubumbashi anaongeza:
Ibara ya 18 ya Katiba ya Kongo (DRC) ya mwaka 2006 inampa mtu aliyewekwa kizuizini na polisi haki ya kuwasiliana mara moja na familia au wakili wake, na kizuizi hicho hakipaswi kuzidi saa 48. Kwa walio gerezani, Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka wawasiliane na jamaa mara kwa mara, kwa barua na kwa kutembelewa. Kanuni ya 68 inampa mfungwa pia haki ya kuijulisha familia anapohamishwa. Mkikataliwa, ombeni kwa maandishi na mbaki na nakala.

Mama Furaha anajibu:
Akihamishiwa mbali, ulizieni Msalaba Mwekundu. Wana ujumbe wa kifamilia, karatasi ya wazi ya habari za nyumbani pekee, na hawatozi malipo.

Yaya wa Kolwezi:
Asanteni sana. Barua ya kwanza naiandika leo.

Baba Ilunga:
Kila barua itie tarehe na namba, naye umwombe ataje namba anayoijibu, ili mjue ipi haikufika.